Gobori la mifereji na risasi ya duara: jinsi ya kupima shabaha Lubumbashi, hatua kwa hatua

Mtu akipata gobori jipya, mara nyingi cha kwanza kushika ni nyundo. Anafyatua mara moja, tundu linaonekana kushoto, anagonga kilengeo, kile kichuma cha kulengea juu ya mtutu. Anafyatua tena, tundu linaenda juu kulia, anagonga tena. Jioni inamkuta baruti imekwisha na bado hajui bunduki yake inapiga wapi. Gobori hupakiwa upya kwa mkono kila risasi. Mkono usiporudia kazi ile ile kwa namna ile ile, hakuna kilengeo kitakachoiokoa shabaha. Ndiyo maana katika mwongozo huu tutakaa sana kwenye upakiaji, na kilengeo tutakigusa baadaye.

Magobori mengi waliyoyajua wazee wetu wa Katanga yalikuwa laini ndani ya mtutu. Enzi za mfalme Msiri pale Bunkeya, bunduki na baruti zilikuja na wafanyabiashara waliofuata shaba na pembe za ndovu. Baadaye Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, ila ukaacha nafasi kwa gumegume (bunduki zinazowashwa kwa cheche ya jiwe) zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki ya aina hiyo ina matumizi yake ya karibu, lakini risasi hutoka bila mzunguko na huenda inakotaka. Gobori la mifereji ni jambo jingine. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji inayojisokota polepole. Kitambaa kinachozunguka risasi hushika mifereji hiyo na kuizungusha risasi, nao mzunguko huo ndio unaoinyoosha njia yake. Humu nazungumzia gobori hilo la mifereji, lililotoka kiwandani na lenye mtutu uliopimwa nguvu.

Pupu, yaani gobori la kienyeji lililochongwa kwa bomba, halimo. Mtutu usiojulikana umetengenezwa kwa chuma gani haupimwi shabaha kwa kuongeza baruti kidogo kidogo, kwa sababu siku utakapopasuka utapasuka karibu na uso wako. Nimesema hivyo kwa watu ninaowaheshimu, na nitaendelea kusema.

Karatasi, kisha mtutu

Congo ina sheria mbili zinazomgusa mwenye gobori: Amri-Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi, na Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 kuhusu uwindaji. Usidhani kwamba kwa kuwa bunduki yako ni ya mtindo wa kizamani, basi haikuhusu kuomba kibali. Nenda na karatasi zako, na kabla ya siku ya kufyatua umjulishe chifu wa kijiji na polisi wa eneo hilo. Milio ya bunduki katika nchi yetu huwatia watu hofu, na wana haki ya kujua ni nani na kwa nini. Hifadhi za taifa za Upemba na Kundelungu usizifikirie hata kidogo.

Sasa chukua bunduki. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha haijapakiwa, na hapa macho hayatoshi. Ingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ugote chini, weka alama kwa kucha pale unapotokea mdomoni mwa mtutu, uutoe, uulaze kando ya mtutu kwa nje. Ncha ya mdeki ikifika usawa wa chuchu inapokaa fataki, kile kikofia kinachowasha baruti, mtutu ni mtupu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Mpe fundi wa bunduki, usianze kubahatisha. Nimewahi kuona gobori lililotundikwa ukutani miaka mingi likakutwa na mzigo wake kamili.

Angalia pia kama nyundo ya bunduki inashika vizuri ikivutwa nusu, kama mbao haijapasuka, na kama vilengeo havichezi. Kilengeo kinachocheza kitakupotezea siku nzima.

Mahali pa kufyatulia

Ukitoka Lubumbashi upande wowote unakutana na vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba. Kichuguu cha namna hiyo ni ukuta mzuri wa kusimamisha risasi: udongo wake ni mzito, na risasi laini huzama humo. Weka shabaha chini, katikati ya kichuguu, kamwe si karibu na kilele. Kagua uso wake uondoe mawe, maana risasi ikigonga jiwe hurudi au hurukia pembeni.

Kisha zunguka nyuma ya kichuguu kwa miguu yako. Huko ndiko watu waliko. Kuna wanaolima kwenye udongo wa kichuguu, wanaouchimba kwa ajili ya matofali, wanaochoma makaa, na mvua zikianza kuna akina mama na watoto wanaookota uyoga. Risasi ya duara iliyopita juu ya kichuguu inaweza kufika karibu kilomita moja. Kwa hiyo mwache mtu mmoja pembeni, awe na firimbi, na sauti yake iwe na nguvu kuliko yako: akisema acha, unaacha.

Moto pia ni hatari ya kweli. Kitambaa kinachotoka na risasi mara nyingine huanguka kikiwa na cheche, na mwezi wa nane au wa tisa nyasi za huku hushika moto kwa pumzi moja. Fyeka na kufagia mita 15 mbele ya mdomo wa bunduki, na uwe na madumu ya maji mkononi. Kama nyasi zimekauka na upepo ni mkali, ahirisha.

Pima umbali kwa kamba au utepe, si kwa hatua. Weka vigingi kwenye mita 25, 50, 75 na 100. Shabaha yenyewe iwe karatasi au kadibodi kubwa, sentimita 60 kila upande angalau, yenye duara jeusi katikati. Watu huweka karatasi ndogo halafu risasi inapita nje yake na hawajui ilipita upande gani.

Upakiaji, mahali shabaha inapotengenezwa

Baruti iwe nyeusi, ya kiwandani, au mbadala wake uliotengenezwa mahsusi kwa magobori. Baruti isiyo na moshi, ile ya ndani ya risasi za kisasa, hata chembe moja isiingie: presha yake hupasua mtutu. Kipimo cha mwisho cha juu ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki yako. Hicho hakipitwi.

Kwa kaliba .50, yaani mtutu wenye upana wa nusu inchi, wengi huanza na greni 50 au 60 za baruti ya chembe za F mbili. Greni moja ni kama gramu 0.065. Kaliba .45 kushuka chini kwa kawaida hupendelea chembe ndogo zaidi, za F tatu. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa kikombe maalumu cha kipimo. Jaza kikombe kwa namna moja kila mara: mimina, gonga ubavu wa kikombe mara zile zile, futa juu kwa kukata. Na usimimine kamwe kutoka kwenye chupa ya baruti moja kwa moja hadi kwenye mtutu. Cheche moja iliyobaki ndani itarudi juu mpaka kwenye chupa iliyo mkononi mwako. Hiyo ndiyo kazi ya kikombe.

Risasi iwe ya madini laini kabisa. Kucha ya kidole gumba ikiacha alama, inafaa. Yale madini yanayotoka kwenye betri kuukuu za magari ni magumu kwa sababu yamechanganywa, hayashiki kitambaa vizuri, na kuyayeyusha ni kujivutia sumu mapafuni. Yaache. Risasi unazonunua au kujimwagia mwenyewe zipime kwenye mizani midogo. Risasi ya kaliba .50 yenye kipenyo cha milimita 12.45 inapaswa kuwa karibu gramu 11.4. Ile iliyopungua kwa zaidi ya gramu 0.1 ina tundu la hewa ndani. Hiyo itayumba, itenge.

Kitambaa ndicho watu hukidharau zaidi, nami nakiona kuwa nusu ya bunduki. Kiwe pamba tupu, kimefumwa kwa kubana, unene wa milimita 0.38 hadi 0.45. Marekani nzito, ile pamba isiyotiwa rangi, hufaa. Ioshe kwanza kwa maji moto ili wanga wa kiwandani utoke, uianike, kisha ukate vipande. Vitenge vingi vya bei rahisi vina nyuzi za plastiki. Vuta uzi mmoja, uuguse na kiberiti: pamba inaacha jivu jepesi linalopeperuka, plastiki inajikunja kuwa tone gumu jeusi. Kitambaa cha tone gumu kitayeyukia ndani ya mifereji yako.

Mafuta ya kitambaa tunayo hapa hapa. Nta ya nyuki kutoka msituni, ikayeyushwa na mafuta ya ng'ombe au ya kondoo kwenye moto mdogo, inatosha kabisa. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ambapo baridi inauma, punguza nta ili mchanganyiko usikakamae; Oktoba jua likiwaka, ongeza nta. Mafuta ya injini usiyatumie, yakikutana na moto wa baruti nyeusi hugeuka lami.

Mwendo wa kupakia ni huu. Mdomo wa bunduki uelekee mbali na uso, nawe usimame kando. Mimina baruti kutoka kwenye kikombe. Tandaza kitambaa chenye mafuta juu ya mdomo, weka risasi katikati, ule mkia mdogo ulioachwa na kalibu ya kumwagia risasi ukiangalia juu. Isukume iingie, kisha ishushe kwa mdeki kwa misukumo mifupi, ukishika mdeki karibu na mdomo wa mtutu ili usivunjike na kukuchoma mkono. Risasi ikae juu ya baruti bila pengo lolote, kwa maana pengo huweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Bonyeza kwa nguvu ile ile kila mara, usigongegonge. Mara ya kwanza ikishakaa sawa, chora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo. Kuanzia hapo mstari huo ni shahidi wako: ukisimama juu ya mdomo, risasi haijafika chini au umepakia mara mbili, ukizama ndani, umesahau baruti. Fataki huwekwa mwisho kabisa, ukiwa umekaa mahali pa kufyatulia na bunduki inaangalia shabaha.

Baada ya kila mlio, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Masizi ya baruti nyeusi hujenga haraka, na risasi ya tano hukuta mtutu mwembamba kuliko wa risasi ya kwanza. Usafi huo wa katikati pia huzima cheche.

Fataki ikilia na bunduki isilie, shikilia ikielekea shabaha kwa dakika mbili nzima kabla ya kufanya lolote. Moto unaweza kuwa unatambaa ndani.

Mita 25: kusoma vitambaa

Kaa chini, egemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Egemeza mbao pale mkono wako wa kushoto hushika, wala si mtutu. Mtutu ukikaa juu ya kitu kigumu, bunduki huruka kutoka hapo na tundu hupanda juu kuliko unapofyatua kwa mkono. Vaa miwani na viziba masikio.

Fyatua tatu kwa namna moja kabisa. Chagua kama utalenga kitovu cha duara au ukingo wake wa chini, usibadilishe tena. Moshi mweupe utafunika kila kitu. Usiinue kichwa kuchungulia, kaa na shabaha mpaka moshi upite. Mwenye gumegume azingatie hili maradufu, kwani kati ya jiwe kugonga na risasi kutoka kuna kitambo kidogo, na wengi huhama katika kitambo hicho.

Kabla hujaikimbilia karatasi, okota vitambaa. Vitakuwa vimeanguka mita chache mbele. Kiweke kimoja kwenye kiganja ukitazame vizuri. Kizuri kina duara jeusi la masizi katikati, alama hafifu za mifereji kama miale ya jua pembeni, na ukingo uliochakaa kidogo. Kingeweza karibu kutumika tena. Kilichoungua katikati mpaka kikatoboka kimepata moto mwingi: ni chembamba, au mafuta yamekauka, au baruti ni nyingi mno. Kilichokatika kwa mistari inayolingana na mifereji kimekatwa na kingo kali, mara nyingi pale mdomoni. Gobori jipya huwa hivyo, na fundi anaweza kulainisha kingo hizo. Kilichochanika ovyo ni kitambaa kilichooza. Hakuna maana ya kutazama karatasi ikiwa vitambaa vinatoka vimechanika, kwa maana risasi haikushikwa sawasawa na matundu yatakuwa ya bahati.

Vitambaa vikitoka salama, sasa karatasi. Tafuta kitovu cha kundi la matundu matatu. Kama kundi liko ndani ya karatasi na limekaribiana, usiguse kilengeo. Sogea kwenye mita 50.

Mita 50: kutafuta kipimo, kisha kilengeo

Hapa ndipo unapotafuta kipimo ambacho bunduki yako inakipenda. Fyatua makundi ya tano kwa greni 60, kisha 65, kisha 70, kila kundi karatasi yake na kipimo kikiwa kimeandikwa juu, ukikaa ndani ya kikomo cha mtengenezaji. Utaona kundi likibana, kisha likianza kutawanyika tena. Kundi la sentimita 5 hadi 8 kwenye mita 50, kwa vilengeo vya wazi, ni kazi nzuri. Chagua kipimo kilichobana zaidi hata kama si chenye nguvu zaidi. Mwindaji anayechagua mlio mkubwa badala ya kundi dogo anamtesa mnyama.

Kipimo kikishachaguliwa, na si kabla ya hapo, chukua nyundo. Kanuni ni mbili. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi iende. Cha mbele kinasogezwa kinyume chake. Risasi ikipiga kushoto, sogeza cha nyuma kulia.

Kiasi cha kusogeza hakibahatishwi. Pima umbali kati ya vilengeo viwili, uuzidishe kwa kosa uliloliona kwenye karatasi, ugawanye kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Kama vilengeo vyako vimeachana milimita 700, na kitovu cha kundi kiko milimita 50 kushoto kwenye mita 50, basi 700 mara 50 ni 35,000. Gawanya kwa 50,000, unapata milimita 0.7. Hata milimita moja haifiki. Chora mstari mwembamba wa penseli unaopita kwenye kilengeo na mtutu, ili uone kimesogea kiasi gani, kisha gonga ukiwa umeweka kipande cha shaba kati ya nyundo na kilengeo. Shaba ni laini kuliko chuma, haiachi kovu, nayo Lubumbashi haijawahi kukosekana.

Kwa juu na chini, magobori mengi hayana skrubu. Risasi ikipiga chini, kilengeo cha mbele kinapunguzwa kimo kwa tupa. Kwa hesabu ile ile, kosa la sentimita 5 ni milimita 0.7 za chuma, na chuma kilichopigwa tupa hakirudi. Piga tupa nusu ya hesabu, fyatua kundi, rudia. Risasi ikipiga juu, teremsha kilengeo cha nyuma au uzidishe kina cha pengo lake. Na ukimaliza, paka kilengeo cha mbele masizi ya kibatari: chuma kinachong'aa juani hukufanya ulenge upande wa giza bila kujua.

Njia ya risasi hewani

Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mdomoni. Inaonekana kupanda kwa sababu vilengeo viko juu ya mtutu na vimepangwa ili mtutu uangalie juu kidogo. Kwa hiyo risasi huanza chini ya mstari wa jicho, huukata karibu, hupita juu yake, kisha huukata tena kwenye umbali uliouchagua na kuendelea kushuka.

Tatizo la tufe, yaani risasi ya duara, ni hewa. Halina ncha ya kupasulia njia, na uzito wake ni mdogo ukilinganisha na uso wake. Nimepiga hesabu kwa risasi ya gramu 11.4 inayotoka kwa mita 500 kwa sekunde, kwa hewa ya mwinuko wa Lubumbashi, kama mita 1,200 juu ya bahari. Kwenye mita 50 mwendo umebaki karibu 385, kwenye mita 100 karibu 310, chini ya mwendo wa sauti. Nguvu ya mgongano imepungua zaidi: kwenye mita 100 imebaki chini ya asilimia 40 ya ile ya mdomoni. Tufe kubwa huhimili hewa vizuri zaidi kuliko dogo, ndiyo sababu kaliba .54, yenye risasi ya gramu 14.5, hubaki na nguvu mbali kuliko .45 ya gramu 8.3 hata zikitoka kwa mwendo mmoja.

Kwa risasi hiyo hiyo, vilengeo vikiwa sentimita 2 juu ya katikati ya mtutu, ukipanga shabaha kwenye mita 50 mambo yanakuwa hivi: kwenye mita 25 risasi iko nusu sentimita juu, kwenye 75 iko karibu sentimita 5 chini, kwenye 100 iko kama sentimita 14 au 15 chini, na kwenye 125 imeshuka sentimita 31. Ukipanga kwenye mita 75: sentimita 2 juu kwenye mita 25, sentimita 3 juu kwenye 50, sawa kwenye 75, na sentimita 8 chini kwenye 100.

Tazama nambari hizo kwa makini. Kati ya mita 25 na 50, ukikosea umbali huoni tofauti yoyote. Kati ya mita 100 na 125, kosa lile lile la mita 25 linakugharimu sentimita 16, yaani tofauti kati ya moyo na mguu uliovunjika. Na msituni, chini ya miti ya miombo, hakuna anayekadiria mita 100 bila kukosea. Kwa maoni yangu, msitu unataka shabaha ya mita 50. Anayefyatua kwenye dembo, yaani bonde la nyasi lisilo na miti, ambako macho yanafika mbali, apange 75. Wote wawili waache kufyatulia mnyama aliyepita mita 75, haijalishi karatasi inasema nini.

Majedwali ya vitabu vya Marekani na Ulaya mara nyingi yamepigwa hesabu kwa hewa ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15, hivyo risasi yetu hupoteza mwendo polepole zaidi na kushuka pungufu kidogo: tofauti ni sentimita 2 hivi kwenye mita 100. Hata hivyo, hesabu zangu na za kitabu chochote ni mwanzo tu. Ukishapanga mita 50, lenga vile vile kwenye 25, kwenye 75 na kwenye 100, kundi moja kila umbali, upime kwa rula mahali matundu yalipo. Andika nambari hizo kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya mfuko wa risasi. Hizo ndizo za bunduki yako.

Upepo ni adui mkubwa zaidi ya mvutano wa dunia. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule wa kutikisa matawi madogo, ukija kutoka ubavuni husogeza risasi hii sentimita 5 au 6 kwenye mita 50. Kwenye mita 100 huisogeza zaidi ya sentimita 20. Pima shabaha asubuhi mapema, upepo bado umelala. Funga utepe mwembamba kwenye kigingi cha mita 50 ili ujifunze kuusoma.

Kuosha, na ile risasi ya kwanza

Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu wa hewa. Msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, gobori lililolala bila kuoshwa linaamka na kutu. Osha siku hiyo hiyo kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa kitoke cheupe, kausha kabisa, paka mafuta mepesi ndani na nje. Chuchu ya fataki ifunguliwe na kuoshwa peke yake.

Siku ya kufyatua tena, mafuta hayo yatolewe kwa kitambaa kikavu. Kabla ya kupakia, weka fataki moja, elekeza mdomo karibu na jani lililo chini, ufyatue. Jani likitikiswa na pumzi, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, mafuta yameziba.

Kuna jambo moja la mwisho la kupima. Risasi utakayomfyatulia mnyama ni ya kwanza, kutoka kwenye mtutu safi, ilhali makundi yako yote yalitoka kwenye mtutu uliokwisha kulia. Hizo mbili hazipigi mahali pamoja kila mara. Tenga karatasi moja ya mita 50. Kila asubuhi unapokwenda kufyatua, tundu la kwanza kabisa liende kwenye karatasi hiyo peke yake, kisha uikunje uiweke mpaka safari nyingine. Matundu yakishafika matano, utaona yamekusanyika wapi. Yakiwa sentimita 3 au zaidi kando ya kundi lako la kawaida, panga kilengeo kwa ajili ya hayo matano.